Kabla Mtoto Hajapanda Mabegani: Mwongozo kwa Wanaofundisha Sarakasi na Halaiki Msamvu

Kama wewe ni mwalimu wa michezo, kiongozi wa kikundi cha sarakasi, au kaka mkubwa wa mtaa ambaye watoto wa Msamvu, Morogoro, wanamfuata uwanjani kila jioni kujifunza samasoti, maneno haya ni yako. Msimu wako unaujua: Siku ya Mtoto wa Afrika tarehe 16 Juni, Nane Nane mwezi Agosti, mahafali ya darasa la saba na ya kidato cha nne. Katikati yake kuna mapokezi ya Mwenge wa Uhuru, harusi, na ile mikutano ambayo mwenyekiti wa mtaa anakupigia simu siku mbili kabla na kusema, "Mwalimu, tuletee vijana watuchangamshe." Vijana wanakuja. Wanabinuka, wanabebana, wanajenga piramidi, na mdogo kuliko wote anasimama kileleni akipunga bendera. Hapo ndipo vigelegele hupigwa, na hapo ndipo watoto huanguka.

Ninalotaka kukuambia ni moja, na mengine yote yanatoka humo. Ajali ya mtoto anayeanguka kutoka juu mara nyingi huwa imeshaamuliwa chini, saa au siku kadhaa kabla, tena na mtu mzima. Yupo aliyekubali onyesho lifanyike juu ya saruji. Yupo aliyeongeza ngazi ya tatu kwa kuwa mgeni rasmi ni mkubwa. Yupo aliyeona wakingaji, wale wanaosimama tayari kumdaka aliye juu, wanaziba wapiga picha akawaondoa. Ndiyo maana simwandikii mtoto, nakuandikia wewe.

Ardhi kwanza

Marekani kuna vikundi vya ushangiliaji ambavyo hushindana kwa kurushana, kubebana na kujenga minara ya watu, kazi ambayo kwa mwili wa mtoto haitofautiani sana na sarakasi zetu. Huko jambo la sakafu wamelipima kwa vifaa. Mwaka 2009 watafiti Brenda Shields na Gary Smith walichapisha vipimo vya sakafu mbalimbali ambazo washangiliaji huzitumia. Walitafuta kimo ambacho kichwa kikidondoka kutoka hapo, jeraha la kuhatarisha maisha linaanza kuwezekana. Kwenye zege kimo hicho kilikuwa nusu futi, yaani kama sentimita 15, urefu wa rula fupi ya mwanafunzi. Kwenye sakafu maalumu yenye springi chini yake kilizidi futi 11, zaidi ya mita tatu.

Soma tena hizo tarakimu kisha ufikirie mahali tunapowapeleka watoto. Eneo la stendi limewekwa lami na zege. Kumbi za harusi zina marumaru. Uwanja wa gwaride wa shule nyingi una kipande cha saruji mbele ya mlingoti wa bendera, na hapo ndipo mgeni rasmi anapotazama. Katika sehemu hizi zote watoto wacheze ngoma, waimbe, wafanye halaiki ya kunyoosha mikono na kuchora maumbo kwa miili yao, lakini asipande mtu juu ya mtu na asipinduke mtu hewani. Kwenye hili sina nusu. Mwenye shughuli akisema, "Lakini tulishalipia sarakasi," mjibu kwamba sarakasi zipo, ila mita ishirini pembeni, kwenye majani, na wageni wageuze viti.

Majani nayo yana masharti. Msamvu iko chini, kwenye joto, na kiangazi kikishika, kuanzia Juni hadi Septemba, udongo wetu wa miguuni mwa Uluguru hukauka na kushindiliwa na miguu ya watu hadi jembe linagoma. Uwanja unaouona wa kijani mwezi Mei si ule utakaoukuta siku ya mahafali. Kwa hiyo eneo la kutulia litengenezwe. Siku moja kabla, lilime kwa kina cha kiganja, lipige maji kidogo, livunje madongoa na lisawazishe kwa reki. Kama una mchanga laini, mwaga juu yake. Kisha nenda kwa mafundi seremala ukaombe maranda. Mara nyingi wanayachoma tu. Jaza magunia hadi yashibe, yashone midomo, yapange yakigusana bila kuacha nafasi, na juu yake ukaze turubai kwa vigingi vilivyozama ardhini kabisa.

Nafasi kati ya gunia na gunia, au kati ya godoro na godoro, ni hatari ambayo watu hawaioni. Mguu unaotua hapo unazama, mwili unaendelea kuzunguka, na kifundo kinabaki nyuma. Kuna kosa jingine linalofanana na hilo: kumsimamisha anayebeba wenzake juu ya godoro kwa nia njema ya kumlinda. Godoro linayumba, na anayebeba akiyumba, wote walio juu yake wanayumba zaidi. Anayebeba asimame pagumu pasipoteleza, ulaini uwe pale mwenzake atakapotua.

Kabla ya kuanza, wapange watoto bega kwa bega wakiwa wamevaa viatu, watembee polepole kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine wakiangalia chini. Utashangaa kinachookotwa: vizibo vya soda, misumari, magunzi, vipande vya chupa, nyaya na vigingi vilivyobaki baada ya mahema kung'olewa. Wakimaliza, warudi kwa mstari wa kukata ule wa kwanza. Na mvua ikinyesha, au umande ukiwa bado umelala kwenye turubai asubuhi, sehemu zote za kupanda zinafutwa siku hiyo. Turubai lililolowa halikaushwi kwa khanga moja.

Kimo

Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, American Academy of Pediatrics, kilitoa msimamo wake mwaka 2012: piramidi isizidi watu wawili kwenda juu, na isijengwe juu ya sakafu ngumu, iliyolowa au isiyo sawa. Mimi nauchukua msimamo huo kama ulivyo kwa shule na vikundi vyetu vya mtaani. Watu wawili kwenda juu maana yake mmoja yuko ardhini na mwenzake yuko juu yake, basi. Upana ongeza utakavyo. Piramidi ya ngazi mbili yenye watoto kumi na wanne, bendera pande zote na mabega yaliyonyooka hupendeza kuliko mnara wa ngazi nne unaotetemeka.

Najua utaniambia kwamba umewaona wakubwa wakisimama ngazi tatu na nne. Ni kweli, nchi hii ina historia yake. Katika miaka ya 1960 serikali ilipeleka vijana China kujifunza sarakasi, na mwaka 1969 kikaundwa kikundi cha taifa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanza mwaka 1981, sarakasi zilipata nafasi humo. Lakini tazama walivyofika hapo: waliishi na kazi hiyo, miaka mingi, chini ya walimu waliofanya hiyo tu, miili ikipikwa taratibu. Mtoto wa darasa la sita mwenye wiki tatu za mazoezi baada ya vipindi hawezi kupewa kazi ya mtu wa aina hiyo kwa sababu tu ni mwepesi. Wepesi wake unamfanya apandishwe, haumzuii kuvunjika.

Anayebeba

Macho ya watu huwa kwa aliye juu. Wewe macho yako yawe kwa aliye chini, kwa sababu naye huumia, tena mara nyingi kimyakimya: kiuno, bega, kifundo cha mkono, shingo iliyokanyagwa. Mtoto wa namna hiyo anaweza kumaliza msimu mzima akilala kwa ubavu bila kumwambia mtu.

Chukua piramidi ya kupiga magoti, ile ya kwanza tunayofundisha wote. Aliye chini aweke viganja chini ya mabega, magoti chini ya nyonga, mgongo bapa. Anayepanda aweke magoti juu ya mfupa wa nyonga wa mwenzake, pale chini kabisa mgongo unapoishia, na mikono yake aipeleke mabegani. Katikati ya mgongo hapaguswi. Weka kiganja chako hapo uone: hapana mfupa mpana wa kupokea uzito, na mtoto akikanyagwa hapo tumbo linashuka kama machela na kiuno kinapinda. Mara ya kwanza wafanye bila kukaa sawasawa, mguu mmoja wa anayepanda ukiwa bado ardhini, hadi aliye chini aseme mwenyewe, "Tayari."

Akipanda pajani, aliye chini akunje goti hadi paja lilale, na mwenzake akanyage karibu na nyonga, si karibu na goti. Ukimwacha akanyage karibu na goti, goti linasukumwa ndani na mtego wote unateguka. Akipanda mabegani, nyayo zikae karibu na shingo bila kuibana, visigino vigusane nyuma, na aliye chini ashike vigimbi kwa nyuma na kuvivuta kuelekea kichwani kwake. Asishike vifundo. Ukimshika mtu vifundo, juu anayumba kama kawaida, ila sasa hawezi kuruka kujiokoa.

Kushuka kuna ajali kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa makofi yameshapigwa na akili zimeshaondoka. Fundisha kushuka kabla ya kufundisha kupanda. Wa juu anashuka kwanza, kwa mbele, akishikwa mikono miwili, anatua kwa miguu yote na magoti yaliyolegea. Hakuna kuruka kinyumenyume. Hakuna kubomoa piramidi kwa kujiangusha wote pamoja ili watu wacheke. Wa chini kabisa hubeba kilo za wenzake wote kwa mpigo mmoja.

Na kabla ya yote hayo fundisha kuanguka. Wiki nzima, chini kwa chini: kutoka magotini, kisha kuchuchumaa, kisha kusimama. Kidevu kifuani, mgongo wa mviringo, mwili uviringike. Mikono isinyooshwe nyuma kupokea ardhi, maana hapo ndipo vifundo vya mikono na viwiko huvunjika. Mtoto ambaye hajui kuanguka hapandi, hata kama ndiye mwepesi kuliko wote na mama yake ameshamshonea sare.

Wakingaji

Kwa kila mtoto aliye juu, weka angalau mkingaji mmoja nyuma, na kwa wanaosimama mabegani waongeze wa mbele na wa pembeni. Mkingaji awe mkubwa na mwenye nguvu kuliko anayemkinga. Hapa ndipo vijana wa kidato cha tatu na cha nne wanapofaa. Kazi yake haihusiani na kutabasamu. Anasimama hatua moja, mikono imeinuliwa tangu mwanzo, macho kwenye kiuno na mabega ya aliye juu. Uso wa mtoto unaweza kumdanganya kwa tabasamu, kiuno hakidanganyi: kikitoka nje ya mstari, ameshaanza kuanguka. Akidondoka, mkingaji anaingia chini yake, hamkimbii, na kitu cha kwanza kukumbatia ni mabega na kichwa. Miguu ikigonga ardhi tutaitibu.

Mkubaliane neno moja la kushuka. Vikundi vingi hutumia "Chini!" Yeyote anaweza kulitamka, hata yule mdogo wa pembeni anayeshika kitambaa, na likitamkwa wote wanateremka kwa utaratibu bila kuuliza sababu. Asilaumiwe aliyelitamka hata kama aliona vibaya. Siku utakayomkaripia mtoto kwa kusema "Chini" ndiyo siku neno hilo litakapokufa katika kikundi chako. Na mtoto akikuambia leo hataki kupanda, hapandi. Usimwite mwoga mbele ya wenzake. Huenda ana homa, huenda hajala, huenda bega linamuuma na haya zinamzuia kusema.

Siku yenyewe

Ratiba inasema saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi anafika saa sita na nusu. Watoto wamesimama juani tangu saa mbili, wengine hawakunywa hata uji, misuli imepoa, midomo imekauka, halafu mshereheshaji anaita, "Na sasa karibuni vijana wetu wa sarakasi!" Ukiniuliza ni kitu gani katika shughuli zetu huzaa ajali kuliko hata ukosefu wa magodoro, nitakujibu ni hiki. Kwa hiyo panga kama mtu anayejua mgeni atachelewa. Watoto wakae kivulini, wapate maji kidogokidogo na kitu chepesi tumboni, na uwe na mtu wa kukuletea habari msafara ukikaribia. Dakika kumi na tano kabla, wapashe miili upya: kukimbia mahali pamoja, kuzungusha mabega na vifundo, kupinduka chini, kupanda mara moja na kushuka. Kama wamesubiri zaidi ya saa mbili, ondoa sehemu za kupanda mabegani. Hakuna mgeni atakayejua kilichoondolewa.

Zungumza na mshereheshaji mapema juu ya kutunza. Desturi yetu ni nzuri, mtu akifurahi anainuka na noti yake, anacheza, anakwenda kumbandika msanii kwenye paji la uso. Lakini mjomba mwenye furaha akiingia katikati ya piramidi, anawagusa wanaobeba, anawaziba wakingaji, na watoto wanacheka. Atangaze waziwazi: anayetaka kutunza asubiri hadi vijana wote wawe ardhini, au aweke kwenye beseni mbele. Mpe pia onyo asiwachochee kwa "Ongeza! Ongeza!" Walichofanya mazoezini ndicho watakachofanya, hakuna cha papo hapo.

Usiwafundishe kufuata muziki peke yake. Umeme hukatika, jenereta huzima, na mtoto aliyezoea kupanda wimbo unapofika mahali fulani hubaki amening'inia asijue afanye nini. Hesabu zitamkwe kwa sauti na mmoja wao, kuanzia mazoezi ya kwanza. Muziki uwe wa kupamba.

Kuhusu mavazi, maelezo ni mafupi: nguo ibane mwili, hakuna khanga inayofunguka kiunoni, hakuna shanga, bangili, hereni wala pete, nywele zifungwe, kucha zikatwe, miguu iwe mitupu au na raba za soli nyembamba. Soksi peke yake huteleza. Na mafuta ya kung'arisha ngozi, ambayo watu hupenda kuwapaka watoto wapendeze kwenye picha, yanakifanya kigimbi kisishikike.

Moto

Msamvu haihitaji kuelezwa moto wa mafuta ni nini. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka hapa na kulipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Kwa heshima ya waliotutoka, petroli isiingie kwenye onyesho lolote la kikundi chako. Pete za moto, kupita chini ya fito inayowaka na kupuliza moto kwa mafuta ya taa si kazi za watoto kabisa. Mafuta ya taa yakiingia kwenye mapafu huyaunguza hata bila moto. Aliyeyameza asitapishwe wala asinyweshwe maziwa, apelekwe hospitali. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20, kisha afunikwe kwa kitambaa safi kilicholegea. Dawa ya meno, asali na mayai vibaki jikoni.

Akianguka

Machi 2006, kwenye mchezo wa mpira wa kikapu huko St. Louis, mshangiliaji wa Southern Illinois University aitwaye Kristi Yamaoka alianguka kichwa chini kutoka kwenye piramidi, kimo cha futi 15 hivi. Alipata mtikisiko wa ubongo na mfupa wa shingo ulipata ufa. Wakati anatolewa nje kwenye machela, bendi ilipiga wimbo wa chuo, naye akaendelea kuchezesha mikono yake. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Siku chache baadaye ligi yao ikazuia kurushana na piramidi za zaidi ya ngazi mbili katika mashindano ya wanawake yaliyofuata. Mimi ninachokikamata hapo ni mikono yake. Mtu mwenye shingo iliyopasuka alikuwa anacheza. Damu ikiwa imechemka maumivu hujificha, kwa hiyo neno "sijambo mwalimu" halikupi ruhusa ya kumwinua.

Zuia kwanza watu. Tutakimbia wote, tutamzunguka, mmoja atamvuta mkono, mwingine atammwagia maji usoni, wa tatu ataanza kumchua. Weka vijana wanne ambao kazi yao siku hiyo ni moja tu, kusukuma watu nyuma hatua kumi. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kina vijana wa kujitolea waliofunzwa huduma ya kwanza, na skauti wanajua kiasi. Waombe wiki moja kabla, wape maji na kivuli karibu na uwanja.

Piga goti upande wa kichwa chake, shika kichwa kwa viganja viwili kama ulivyokikuta, mwambie asigeuke kukutazama. Muulize jina, yuko wapi, wanafanya nini leo. Muulize kama shingo inauma, kama mikono au miguu ina ganzi, achezeshe vidole vya miguu. Shingo ikiuma, ganzi ikiwepo, au akili ikiwa haijatulia, hasogezwi mpaka kuwe na watu wa kutosha na kitu kigumu cha kumlaza. Akitaka kutapika, mgeuzeni ubavu wote kwa pamoja, watu watatu au wanne, kichwa kikienda sambamba na kiwiliwili, kwa hesabu ya mwenye kichwa. Asipewe maji wala soda.

Asipopumua, hilo linatangulia shingo. Mlaze chali pagumu, bonyeza katikati ya kifua, kama sentimita 5 kwa mkubwa na theluthi ya unene wa kifua kwa mtoto, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama umefunzwa, pumzi mbili kila baada ya mibonyezo 30. Usiache hadi apumue au msaada ufike.

Sasa usafiri, na hapa naomba unisikilize sana. Bodaboda ziko karibu siku zote, na mtu atapendekeza abebwe mshikaki, dereva mbele, mtoto katikati, mwalimu nyuma akimshikilia. Kwa mwenye jeraha la kichwa, shingo au mgongo, safari hiyo fupi inaweza kumpooza. Bajaji haina nafasi ya kulala. Asubuhi ya onyesho, zungumza na mwenye gari ambalo viti vinalala au linaweza kuingiza ubao, Noah au Hiace, lipia mafuta mapema, namba ya dereva ikae kwenye simu za watu watatu. Ubao wenyewe uwepo pale: mlango wa zamani uliopigwa randa, au meza iliyotolewa miguu, na mikanda sita ya kitambaa. Ukihitaji uokoaji, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko hapahapa mjini. Wakiona anahitaji zaidi, wao ndio watakaompa rufaa kwenda Muhimbili, Dar es Salaam, karibu kilomita 190. Mtu mmoja aende kituo cha polisi kufuatilia PF3, fomu ya polisi ya matibabu, huku mtoto akiwa njiani kwenda kwa daktari. Fomu imfuate mgonjwa, mgonjwa asingoje fomu.

Vilivyovunjika au kuteguka vifungwe jinsi ulivyovikuta, kwa ubao au hata gazeti nene lililokunjwa, kufunika kiungo cha juu na cha chini yake. Usivute kiwiko kukirudisha. Baada ya kufunga, bonyeza ukucha hadi uwe mweupe, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Isiporudi, au vidole vikiwa baridi au na ganzi, umekaza mno, legeza. Wazazi wengi watataka kwenda kwanza kwa mkandaji wa mifupa. Uwaambie kwa upole kwamba picha ya eksirei inatangulia, kwa sababu mtoto bado anakua, ncha za mifupa yake zina sehemu laini inayorefusha mfupa, na ikivunjika bila kujulikana mkono unaweza kukua umepinda. Uwaambie pia kwamba kiungo kilichofungwa kwa nguvu kwa siku kadhaa kinaweza kufa na kukatwa.

Kifundo kilichoteguka tu, ambacho mtoto anakikanyaga, kinataka kupumzishwa, kuinuliwa na barafu. Barafu Msamvu ipo kila kona, kwenye mifuko ya wauza maji wa stendi. Izungushie kitambaa, weka dakika 15 hadi 20, toa, rudia baada ya saa mbili. Usikichue siku hiyo kwa mafuta ya moto.

Kichwa

Aliyegonga kichwa amemaliza siku yake, hata akisema yuko sawa, hata kama ndiye anayepunga bendera. Apelekwe hospitali haraka akitapika zaidi ya mara moja, akizidi kuumwa kichwa, akisinzia hadi usiweze kumwamsha vizuri, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, akipata degedege, akiongea yasiyoeleweka, au damu au majimaji yakitoka puani au masikioni. Mzazi aambiwe dalili hizi kwa mdomo na zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi, maana zinaweza kuanza usiku akiwa amelala nyumbani.

Siku moja au mbili za kwanza apumzike, matembezi mepesi ruhusa, simu na televisheni kidogo. Arudi darasani kabla ya kurudi uwanjani. Kisha apande ngazi kwa ngazi, kila ngazi angalau siku nzima: kutembea kwa haraka, kukimbia, hesabu na mikono bila kubinuka, kupinduka chini, na mwisho kabisa, daktari akisharidhika, kubebwa. Kichwa kikiuma kwenye ngazi moja, arudi ile ya nyuma.

Jioni hiyohiyo nenda nyumbani kwa mtoto, usitume mwanafunzi mwenzake. Mwambie mama yake alikuwa wapi, alianguka kutoka wapi, alitua kwa kipi, daktari amesema nini, na nani atalipa nini. Haya yaandikwe pia kwenye daftari la kikundi: tarehe, uwanja, kitendo kilichokuwa kinafanyika, nani alikuwa mkingaji, saa aliyofika hospitali. Ukishajaza kurasa chache utaanza kuona kitendo kilekile na kona ileile ya uwanja vikijirudia. Kiondoe kitendo hicho kwenye onyesho linalofuata, na ile kona ilimwe upya kabla ya mtoto mwingine kukanyaga hapo.